Mkwe Wangu na Bibi wa Katikati ya Mto

Fulgensi tumemzika Alhamisi, kwa hiyo sasa naweza kusema. Nimenyamaza miaka hamsini kasoro, na si kwa sababu mdomo wangu ni mzito. Waulizeni majirani zangu hapa Lumemo kama mdomo wa Margareta ni mzito. Nilinyamaza kwa sababu mwenye habari hakutaka isemwe, na mwanawe, ambaye ni mume wangu, alikuwa hai. Sasa wote wawili wamelala. Kaeni, na huyo anayechezea mlango aache.

Habari ni ya mkwe wangu, baba yake Fulgensi. Jina lake silitaji. Si kwamba nimelisahau. Kwetu mwanamke hataji jina la baba wa mumewe, hata mzee akiwa amekufa, hata akiulizwa na padri. Padri aliniuliza, mwaka ule wa kuandikisha ubatizo, nikamwambia aandike Mkwe. Akakasirika, akaandika anavyojua mwenyewe. Wengine nitawataja kwa majina yao ya ubatizo, ingawa wakati ninaousema hakuna aliyekuwa amebatizwa. Yale ya zamani waliyaacha wenyewe, mimi siyaokoti.

Kwetu mkwe na mkwe hawaongei. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, na wakikutana njiani mwanamke anachepuka, anageukia majani mpaka mzee apite. Mimi nililetwa hapa kutoka Mahenge kuolewa, na siku ya kwanza nilichepuka nikakanyaga siafu. Nikasimama juu ya siafu. Mzee aliniona, na Mungu amrehemu, akakaza mwendo.

Lakini nyumba ni moja na chungu ni kimoja, lazima maneno yapite. Kwa hiyo mimi nilisema na kinu changu. "Kinu, samaki wameiva." Yeye alisema na kafi lake. "Kafi, samaki wa leo wana chumvi ya watu wanne." Nami nikajibu, "Kinu, anayeona chumvi imezidi apike mwenyewe." Akala wote. Tuliishi hivyo vizuri sana. Nimeona mume na mke wanaotazamana usoni kila siku na hawaelewani nusu ya vile.

Kazi yake ilikuwa kuvusha watu katika mto Kilombero, wale wa Ifakara wanaokwenda upande wa Mahenge na wale wa kule wanaokuja huku. Alikuwa na mtumbwi mrefu uliochongwa kwa mti mmoja, unaobeba watu kumi na wawili pamoja naye. Sasa mtumbwi wa namna hiyo chini ni wa mviringo. Mtu mmoja akisimama ili amwone kiboko vizuri, wote mnakwenda kumwona kiboko kwa karibu. Ujanani mwake alipoteza abiria wawili kwa njia hiyo, mama na binti yake, na maiti ya binti haikupatikana. Alikuwa amewaambia wakae. Lakini watu ukiwaambia wakae wanakuuliza kwa nini, na kabla hujamaliza kujibu wameshasimama.

Ndipo akaja na habari ya Bibi. Katikati ya mto, alisema, anakaa bibi kizee mwenye mvi na kiko, naye hapendi kuangaliwa kutoka juu. Anayesimama anamchukua. Mvushaji peke yake anaruhusiwa kusimama na pondo lake, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, kwa mapatano aliyoyafanya babu yake zamani. Babu yake alikuwa mwinda tembo ambaye hakujua hata kuogelea, lakini hakuna aliyeuliza.

Watu walikaa. Walikaa kama wamepigiliwa misumari. Baada ya mwaka walianza kudondosha unga kidogo majini kila wanapofika katikati. Baada ya miaka mitano alikuja mzee mmoja wa Namawala akamweleza mkwe wangu kwamba babu yake mzaa baba alimjua yule Bibi vizuri, na kwamba kiko anakishika mkono wa kushoto, siyo wa kulia. Mkwe akamshukuru. Tangu siku hiyo kikawa mkono wa kushoto.

Hata wageni walikaa. Mfanyabiashara wa Kilwa alisikiliza akasema, ah, huyo ni jini tu, kwao yupo, anakaa kisimani. Mdachi mmoja, msimamizi wa barabara, alielezwa na mkalimani wake, akacheka sana, kisha akasema kijijini kwao kwenye bwawa kuna mzee wa majini anayewavuta miguu watoto wanaochungulia. Alicheka, lakini hakusimama. Jioni ile nilimsikia mkwe wangu akisema, "Kafi, kumbe dunia nzima watu hawatulii." Sijasikia mtu akilieleza jambo hilo vizuri zaidi, na nimesikiliza mahubiri mengi. Miaka ya baadaye padri alipotusimulia mitume na dhoruba ziwani, nilinyoosha mkono nikauliza kama walikuwa wamekaa. Padri akasema kitabu hakisemi. Basi nikanyamaza, lakini niliona hapo ndipo penye tatizo.

Ukaja mwaka wa vita. Nisikilizeni, msicheke kila mahali. Fulgensi alikuwa amechapwa viboko ishirini na tano kwenye kazi ya barabara kwa sababu alikaa kunywa maji. Mgongo ule niliukanda mimi. Wanaume walichukuliwa kulima pamba ya watu wakati mpunga wao wenyewe unaliwa na ndege. Hasira yao ilikuwa ya haki, na anayesema walikuwa wajinga aje aniambie mimi usoni.

Akaja mjumbe wa dawa. Alikuwa na chungu cha maji yaliyochanganywa na mtama na mafuta ya nyonyo, akawapaka wanaume, akawanywesha, akawafunga shingoni kimwanzi, kijipande cha mwanzi chenye dawa. Risasi za Mdachi, alisema, zitageuka maji. Lakini dawa ina miiko. Usilale na mwanamke. Usichukue mali ya mtu. Na mwili usiguswe na maji mengine yoyote mpaka boma la Mahenge lianguke, kwa maana dawa ikilowa inaisha, na wa kuipaka upya ni yeye mjumbe peke yake.

Mkwe wangu alikuwepo, amekaa pembeni. Akauliza, "Na kunywa?"

Mjumbe akafikiri. "Kunywa ruhusa. Kuoga marufuku."

"Siku ngapi?"

"Mpaka boma lianguke."

"Basi Wadachi watawanusa kabla hawajawaona," akasema mkwe. Hakucheka mtu.

Walikuwa na sababu ya kutocheka. Kikosi cha askari hapa Ifakara kilikuwa kimeshapigwa kikaisha, na kila mtu alisema ni dawa. Askari walikuwa kumi na kitu na watu walikuwa mamia, lakini ilisemwa ni dawa. Mimi nilikuwa nimekulia chini ya lile boma la Mahenge. Nilikuwa nimeiona bunduki yao kubwa, ile inayotema risasi mfululizo, siku walipoijaribu mbele ya wazee ili tuogope. Waliielekeza kwenye mti mnene kama kinu. Mti ukakatika katikati, na juu yake ulikuwa na kiota.

Nilimweleza Fulgensi yote. Akaniuliza, "Ule mti ulikuwa umepakwa dawa?"

"Mti?"

"Ulikuwa umepakwa?"

"Haukupakwa."

"Basi," akasema, akaendelea kunoa mkuki. Nilitamani kumpiga mwiko wa kichwa. Nilikuwa na mimba ya miezi sita, ya kwanza, na baba yangu na kaka zangu wote walikuwa wamekwisha kwa ndui. Nilimpenda yule mwanamume kwa moyo wote, na alikuwa anakwenda kusimama mahali pa ule mti.

Baba yake naye alijaribu. Nilikuwa nyuma ya matete naosha vyungu, nikawasikia. Mzee alisema mambo ambayo hakuwahi kumwambia mtu. "Mwanangu, yule Bibi nilimtunga mimi. Hayupo. Nilimtunga asubuhi moja nikiwa nakojoa. Najua neno la namna hiyo linavyotengenezwa, na hili la mjumbe limetengenezwa hivyo hivyo."

Fulgensi akauliza, "Tangu umtunge, amezama mtu?"

"Hapana."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Kwa sababu wanakaa."

"Basi anafanya kazi," akasema Fulgensi. "Na hii nayo itafanya kazi."

Mzee alikuwa amejibiwa na kazi yake mwenyewe ya miaka ishirini. Nilimwona akipita na pondo lake, na nilipochepuka kumpisha niliona miguu yake tu, lakini ilikuwa miguu ya mtu aliyechoka.

Siku ya kabla ya kuvuka nilichukua unga kiganjani nikashuka kivukoni. Mkwe alikuwa anaziba ufa wa mtumbwi. Nikampa mgongo kama inavyotakiwa, nikautazama mto, nikasema kwa sauti ya mtu anayeita mbuzi aliye mbali.

"Bibi! Mume wangu anavuka kesho. Tumboni nina mtoto. Sina baba wala kaka wa kumwendea, na mtu ambaye ningemwambia siruhusiwi kumwambia. Kwa hiyo nakwambia wewe. Usimwache afike kule. Utakavyofanya sijui. Fanya."

Nikadondosha unga. Nyuma yangu kugonga kulikuwa kumekoma. Nilisubiri bila kugeuka.

"Kafi," akasema mkwe, "ulizia mjumbe wa dawa yuko wapi."

"Bibi, ameondoka leo asubuhi kwenda Mchombe kupaka watu wa huko. Amesema atarudi baada ya siku nane."

"Na vita ya bomani ni lini?"

"Bibi, wanasema siku ya tano."

Akaanza kugonga tena. "Kafi, mwambie anayelia aende akapike. Bibi hajaahidi kitu." Nikaenda kupika. Chumvi ilizidi, safari ile si kwa makusudi.

Kesho yake, jua limeshapanda, walifika wanaume ishirini na watatu, vichwani wamefunga mabua ya mtama, wananukia nyonyo. Mitumbwi ilikuwa miwili. Kumi na wawili waliingia wa Wendelin, mvushaji wa pili. Kumi na mmoja waliingia wa mkwe wangu, na Fulgensi alikaa katikati. Sisi wanawake tulisimama ukingoni tukipiga vigelegele. Nilipiga na mimi. Sauti ilitoka, sijui ilitoka wapi.

Wendelin akatangulia. Mkwe akaja polepole nyuma, na nikaona anaelekea chini kidogo, kwenye fungu la mchanga ambalo mwezi wa Agosti maji yake yanafika kifuani na mamba hawalipendi. Alipofika pale akalisimamisha pondo. Akanyoosha kidole upande wa kulia, akasema kwa sauti ya mtu anayeonyesha bata:

"Bibi yule pale."

Wanaume kumi na mmoja, ambao tangu wazaliwe hawajawahi kusimama katika mtumbwi ule, wakasimama wote kwa pamoja. Wote upande wa kulia.

Hakufa mtu. Walitoka majini wakikohoa, mmoja baada ya mwingine, vimwanzi vinachuruzika. Hilari, mmoja wao, alipoteza mkuki na heshima, na mkuki ulipatikana. Mkwe aliibuka wa mwisho, ameushika mtumbwi kwa mkono mmoja na pondo kwa mkono wa pili. Nilimhesabu Fulgensi mara tatu kana kwamba alikuwa watu wengi. Kisha nikakaa chini mchangani.

Watu wa Wendelin waliwaita kutoka ng'ambo. Wakasubiri, wakasubiri, wakaona wenzao wamelowa mpaka nywele na mjumbe yuko Mchombe. Wakaenda peke yao, wakavu.

Siku ya tano vita ikapigwa bomani. Siku ya nane walirudi watu wawili. Raimundi alikuwa mmoja wao, hana mkono, na mpaka anakufa hakusimulia. Wendelin, aliyekuwa ameacha mtumbwi wake ng'ambo akaenda nao, hakurudi. Wake wa wasiorudi walilia hapa kivukoni siku tatu. Mimi nililia pamoja nao, na ndani ya moyo nilikuwa na furaha, na niliichukia furaha ile. Bado naichukia. Mkwe alikaa amegeukia mto. Nilimsikia akisema, "Kafi, mtumbwi wangu ni mmoja tu. Ningekuwa na miwili." Alilisema hilo zaidi ya mara moja.

Sasa mtadhani wale kumi na mmoja walishukuru. Thubutu! Wote walimwona Bibi. Hilari aliona mvi. Mwingine aliona moshi wa kiko. Fulgensi aliona jicho, akasema lilimtazama yeye hasa. Akamsimamia baba yake uani kwa hasira. "Uliniambia ni uongo! Nimemwona kwa macho yangu. Wewe ndiye uliyemtukana kwa kusema hayupo, akatulipa sisi. Wenzetu wamekufa kwa sababu tulikosekana sisi kumi na mmoja. Tungeliteka lile boma!"

Mzee angeweza kusema. Neno moja tu. Lakini vita ilikuwa bado inaendelea, wajumbe wengine walikuwa bado wanazunguka na vyungu vyao, na Fulgensi angeujua ule ujanja angeondoka siku ile ile. Kwa hiyo mzee akasema, "Kweli, mwanangu. Nilimtukana." Fulgensi akalichukua bakuli lake, akaenda kula peke yake nyuma ya nyumba. Kwetu mwana haachi kula na baba yake mpaka awe amemzika moyoni. Mzee akabaki na chungu chake, anakitazama.

Vita ilipokwisha upepo ukageuka. Walikuja Wadachi na askari, wakachoma maghala ya mpunga, wakachoma mitumbwi. Wa mkwe wangu uliwaka siku nzima kwa sababu ulikuwa na unyevu. Alibaki na kafi. Binti yangu Emerensiana, huyo mama yenu, alizaliwa katika njaa ile. Watu walikula mizizi, walikula ngozi za kulalia. Kila siku chache nilisikia mlangoni, "Kafi, mwambie mwenye mtoto kuna kambale hapa." Alimvua kwa mgono, ule mtego wa samaki, kilometa nyingi upande wa juu wa mto, kwa miguu iliyobaki mifupa. Fulgensi hakutaka cha baba yake, hivyo nilisema nimepewa na wanawake wa mtoni. Alikula. Mzee yeye alisema ameshakula hukohuko.

Siku moja nilipata mtama, kiasi cha kujaza bakuli dogo. Nikautwanga. Nikachota kiganja kimoja, nikashuka kivukoni, mzee yuko pale amekaa. Nikampa mgongo.

"Bibi, ahsante," nikasema. "Mume wangu yupo. Mtoto anamwita baba. Sijapata nafasi ya kukwambia, na mtu ambaye ningemwambia siruhusiwi. Ahsante. Ahsante sana." Nikainua mkono nidondoshe unga.

"Kafi!" Sauti ilikuwa ndogo, lakini alikuwa amekasirika. "Mwambie huyo mwenye unga asiwe mjinga. Bibi hali unga. Hajawahi kula unga hata siku moja. Apelekewe mtoto."

Niliurudisha unga nyumbani, nikampikia Emerensiana uji. Baada ya siku tisa tulimzika mzee. Mkwe wa kike hasogei kaburini, nilisimama mbali kwenye majani, na Fulgensi alirusha udongo wake kama mtu anayemaliza kazi ya barabara. Ilikuwa miezi kumi na minne tangu aache kula naye. Kafi nililiweka mimi. Liko juu ya dari, mtaliona.

Kisha tukaishi. Fulgensi alibatizwa, akalima mpunga, akazeeka, na kila wajukuu walipokusanyika aliwasimulia Bibi alivyowatazama. Mwisho wake ulikuwa ule ule: "Baba yangu alituponza. Kama si ule mtumbwi, tungeliteka boma." Mimi nilikuwa hapo hapo napepeta mchele. Nilisema, "Ndiyo, baba Emerensiana." Nilisema hivyo miaka yote. Wakati mwingine nilipepeta kwa nguvu.

Jumanne iliyopita alikuwa hawezi kuinuka tena. Nilimletea uji. Akanitazama.

"Margareta. Siku ile ulikuwa ukingoni, na hujawahi kusema. Bibi ulimwona?"

Nilikuwa na jibu la siku zote. Sikulitumia. "Nilimwona," nikasema.

"Alikuwa wapi?"

"Alikuwa amesimama ndani ya mtumbwi, nyuma yenu, ameshika pondo."

Alitazama paa. Kisha machozi yakaanza kumwingia masikioni, maana alikuwa amelala chali.

"Miezi kumi na minne sikula naye," akasema.

"Najua. Mpishi nilikuwa mimi."

Akalia kama mtoto, nami nikalia. Alipotulia aliuona uji, akaniambia nichote kidogo, nikamwage mtoni, nimpelekee Bibi. Nikamwambia Bibi hali unga, hajawahi kula unga hata siku moja, anywe yeye. Akanywa wote.